Moyo

Tangu Kaku aanguke karibu na pipa la maji
Kiswahili kimemtoka.
Kimeondoka kama mpangaji wa miaka sitini
asiyeaga, asiyekunja hata mkeka.
Kilichobaki ni kile cha kwanza, cha Kasai,
kile baba alichokifungia nje
mwaka ule majirani walipoanza kutuuliza
kwetu ni wapi.

Sikuwa nimezaliwa. Nimesimuliwa vipandevipande:
redio imezimwa, masanduku mlangoni,
watu wamelala stesheni wakingoja mabehewa,
na baba anawaambia dada zangu,
kuanzia leo, humu ndani,
hata kulia mtalia kwa Kiswahili.
Siku mabehewa yalipofika
mama alishikwa na uchungu wa kaka yangu.
Hatukupanda.

Mimi nilikuja baadaye. Shuleni niliandikwa Solange.
Ndaya lilibaki jikoni, jina la sauti ya chini,
la kuitiwa bukari ikishaiva.

Nilikuwa nikihesabu vizibo vya chupa uani,
moja, mbili, tatu,
Kaku akacheka mpaka akakaa chini.
Kwao tatu ni baba.
Kumbe kila nilipofika pale
nilikuwa ninamwita mtu, naye haitiki.

Na kila asubuhi aliniambia: moyo.
Nikajua ananitaja mimi,
kwamba mimi ndiye kile kinachodunda ndani yake.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoambiwa ni salamu tu.
Watu hupeana hiyo sokoni,
hata na wanaowadai.

Leo ananiita kitandani. Sentensi ndefu, ina haraka.
Ninaokota neno moja: mayi.
Ninaleta kikombe. Anatikisa kichwa.
Ninaleta beseni na kitambaa.
Anafumba macho, anasema upya, polepole,
vile tunavyosema na wageni.
Nampigia baba, Kolwezi. Simu inalia peke yake.

Basi nikatoka na kandambili za kuogea
hadi kwa Mama Kapinga, auzaye unga njia ya Katuba.
Njiani nilikuwa nikiirudia ile sentensi,
nimeibeba kama yai juu ya kijiko,
pikipiki zikinipigia honi,
vumbi jekundu, baridi ya Juni.
Nikamwambia: sauti ninayo, maana sina.
Nikamtolea yote.

Hakujibu upesi.
Alinitazama pua, akatazama paji la uso.
Lakini wewe ni wetu, akasema.
Nani alikukata ulimi?

Nilitaka kumwambia hakuna aliyekata.
Ulifichwa. Ulifichwa vizuri mno,
na aliyeficha alifanya hivyo ili tuishi,
nami sijui kumlaumu kwa lugha ipi.
Badala yake nikanunua kilo mbili za unga.

Anauliza, akasema Mama Kapinga huku akipima,
kama maji ya mto yamepungua, apate kuvuka.
Mto gani, hakusema.
Nimjibu nini?
Mwambie bado.
Akanifundisha bado yao. Neno fupi.
Akanifanya nilirudie mara saba mbele ya wateja.

Nimefika, nimepiga magoti, nimelisema.
Kaku amefumbua macho.
Amenyoosha kidole, amenigusa mdomo wa chini,
hapa, ndipo linapoanzia,
akalisema yeye, sawasawa.
Nikarudia.
Akanisahihisha tena.