Nyuzi Nne

Kila saa, usiku kucha, niliandika nne.
Saa tatu: nne. Saa nne: nne.
Saa tisa, nikipiga miayo: nne.
Kipimajoto cha tangi la pili kilikufa mwezi wa Machi,
mshale ukaganda pale pale
kama mtu aliyeulizwa swali gumu mbele ya wakwe,
nasi tukaushukuru, maana nne ndiyo namba
ambayo makao makuu hupenda kuisoma.

Sikuwa peke yangu. Barng'etuny wa zamu ya mchana alijua.
Kwamboka wa maabara alijua, akaniambia kwa nyusi.
Fundi alijua, akasema, "Tutaona,"
neno ambalo katika kiwanda chetu cha maziwa, hapa Nakuru,
maana yake ni kaburi.

Ukutani palikuwa na sanduku la maoni, lina kufuli,
na ufunguo alikaa nao bosi.
Siku lilipodondoka likapasuka
tulikuta ganda la peremende, tiketi ya kamari,
na kikaratasi kimoja: *Asante kwa chai.*

Funika kombe, tuliambiana, mwanaharamu apite.
Hatukuuliza mwanaharamu ni nani,
wala ndani ya kombe mnaoza nini.

Kisha akaja Ekai, kijana wa mafunzo,
gambuti alizopewa zimemzidi saizi mbili
(alisema; akajibiwa, "Tutaona").
Usiku wake wa kwanza peke yake
alichovya kipimajoto cha mkono, akaandika tisa.
Kwa wino mweusi. Na jina lake pembeni.

Alfajiri nikaikuta ile tisa
imekaa katikati ya nne zangu
kama mgeni aliyeingia matangani
akauliza kwa sauti marehemu alikufa na nini.
Nilimkemea. Nakiri.
Nikatafuta rangi nyeupe ya kufutia, nikaipaka,
nikaipuliza ikakauka, nikaandika nne juu yake.
Mwandiko wangu ni mzuri, wamenisifu tangu shule.

Lakini maziwa hayasomi daftari.
Ijumaa yaligeuka: lita elfu tatu,
ya Njoro, ya Bahati,
ya yule mjane wa Subukia aletaye lita saba
na hangoki mlangoni mpaka apewe risiti.
Tuliyamwaga kwenye mtaro nyuma ya bweta,
meupe, mazito,
paka wa Viwandani wote wakaja, wakanusa, wakaondoka.

Bwana Gathogo akatuita kantini.
"Nani alijua?"
Friji ya soda ikanguruma peke yake.
Kila mtu akaanza kusoma meza.
Mimi nilitazama zile gambuti,
vidole vya kijana vikiogelea ndani,
nikajikuta nimesimama. Si ushujaa. Goti lilikuwa linaniuma.
"Mimi. Tangu Machi.
Na huyu aliandika ukweli, nami nikaufuta."

Nilingoja radi.
Bosi alivua miwani, akaisugua kwa tai,
akaisugua tena, haikuwa na uchafu.
"Aprili niliomba kipimajoto kipya," akasema,
"wakaniuliza kama ni lazima.
Nikawajibu: si lazima sana."

Hakuna aliyepiga makofi.
Kwamboka aliguna. Barng'etuny akavuta kiti, kikalia.
Halafu, mmoja mmoja, bila mpango,
watu wakaanza: mkanda wa mashine ya pakiti,
taa ya choo cha wanawake, saa za ziada za Juni,
mpaka chai ikapoa na ngozi ikajikunja juu yake.

Sitasema tumepona. Kipimajoto kipya hakijafika,
na jana nilimsikia mtu akimnong'oneza Ekai
kwamba mdomo mrefu haujengi nyumba.

Ila usiku huu, saa nane, nimechovya, nimengoja:
sita na nusu.
Kalamu ilisita kidogo kwenye ile nusu.
Nimeiandika. Nimetia majina yangu yote matatu.
Nimempigia fundi simu, akaanza, usingizi kooni, "Tuta..."
Nikamwambia: Njoo uone sasa.