Kisanduku cha Pumzi

Masijala iko chini, kando ya chumba cha kufulia.
Faili zimefungwa kwa utepe wa bandeji,
harufu ya jiki inapenya na mvuke.
Ombongi hunipa kiti cha miguu mitatu na nusu,
huuliza: "Daktari, leo wataka wa mwezi gani?"
kana kwamba nimekuja kununua viazi.

Nawataka wa Julai. Julai ya Nairobi,
mawingu yamekaa na hayanyeshi,
watoto waletwa ndani ya mablanketi matatu
kutoka Kayole, Njiru, Mukuru,
ngozi ikizama katikati ya mbavu kila wavutapo hewa.

Kazi yangu ni kuhesabu yasiyoandikwa.
Jina, lipo. Uzito, upo, japo umekisiwa.
Pumzi kwa dakika: mstari.
Pumzi kwa dakika: alama ya vema.
Pumzi kwa dakika: "kawaida",
neno lisilowahi kuhesabu hata moja hadi mbili.
Kati ya faili mia nne, mia tatu na kumi na saba
hazijui mtoto alihema mara ngapi.

Nikapanda nazo wodini, na grafu ya rangi.
Sista Mumbua akaitazama kama mtu aonyeshwaye
picha ya nyumba yake ikiungua.
"Fomu yako ina visanduku hamsini na viwili," akasema.
"Usiku nina watoto arobaini na mmoja, mikono miwili,
na saa ile ilikufa mwaka wa uchaguzi."
Nikageuka. Saa tano na dakika ishirini,
asubuhi, jioni, juzi.
Wahesabuje pumzi kwa dakika
mahali ambapo dakika haitembei?

Katika pendekezo la utafiti niliandika "mtazamo wa wahudumu",
nikaandika "motisha", kurasa sita.
Sikuandika "betri".

Nilinunua saa River Road, shilingi mia nane,
yenye mshale mwekundu wa sekunde.
Tukaketi, Mumbua na mimi na wanagenzi wawili,
tukafuta visanduku hadi vikabaki kumi na vinne,
kila kimoja kwa ubishi wake.
"Dini ya mama," Mumbua akasoma. "Hii yatibu nini?"
Tukaipiga kalamu.

Kisha, Ijumaa moja, kwenye Julai ya miaka kumi na miwili nyuma
niliyoitaka kwa kulinganisha tu,
nikakutana na herufi y yenye mkia mrefu mno.
Mwandiko wangu.
Mwanagenzi, usiku wa tatu mfululizo.
Kwamboka, miezi minane, kikohozi siku nne.
Pumzi kwa dakika, nukta mbili,
halafu weupe.
Chini yake, wino mwingine, mkono mwingine:
saa kumi alfajiri.

Ningependa kusema nililia.
Niliutafuta uso wake kichwani, nikapata
chapati baridi mfukoni mwa koti langu jeupe,
na hamu ya kuketi.
Ombongi akauliza kama nimemaliza.
Nikamwingiza: namba mia tatu themanini na nane,
haikurekodiwa.
Jedwali halina safu ya "na nani".

Jana usiku nilipita wodini bila daftari.
Mwanagenzi Letoya alikuwa amekifunua kifua cha mtoto,
macho ukutani, midomo ikienda.
Mama akataka kusema kitu; akamwinulia kidole, taratibu.
Sitini na mbili, sitini na tatu.
Mshale ukafika juu. Akaandika,
akatazama alichoandika, akasema: "Oksijeni."

Mtungi uko stoo.
Stoo imefungwa.
Ufunguo uko na mtu aliyekwisha kwenda kulala Ruai,
wa akiba uko getini, ghorofa nne chini,
na lifti ni ile ile ya siku zote.

Hili nalo halimo kwenye fomu.
Nitaliandika kesho.
Nilivua viatu, nikashika ngazi.