Kipengele cha Tisa

Ofisi iko ghorofa ya nne, Kampala, na lifti imekufa.
Nimepanda na goti langu la kushoto,
goti lililosimama mbele ya ubao Tororo
miaka thelathini na miwili, likifundisha kugawanya.

Kijana wa madai anaitwa Ssemwanga. Ana tai, ana adabu.
Ameniletea maji kabla hajaniletea fomu.

Sehemu A, jina.
Sehemu B, safari: meli, Barselona hadi Napoli,
usiku saba, chumba 614, vitanda viwili, dirisha la duara.
Miaka tisa tuliikatia hiyo meli kwenye chama cha akiba,
wanawake wawili ambao maji makubwa tuliyowahi kuyaona
ni mto Malaba ukifurika.

Sehemu C, sababu ya kufuta safari.
Naandika: Nyaketcho amefariki.
Kisanduku ni kidogo, jina lake linagusa kingo zote mbili.
Sehemu D, uhusiano wako na marehemu.
Dada, naandika.

Ssemwanga anasoma. Anakohoa kidogo.
"Dada wa tumbo moja, mama?"
La. Baba yangu na baba yake ndio wa tumbo moja.
"Basi ni binamu."
Mwanangu, neno hilo kwetu tunalisikia redioni tu.

Anafunua mkataba, kidole kinasimama kipengele cha tisa:
mwenzi, mzazi, mtoto, ndugu wa mzazi mmoja.
Herufi ndogo kama sisimizi,
na kama sisimizi, zinajua zinakokwenda.

Nakumbuka dada aliyetuuzia bima hii,
kucha nyekundu, kicheko kingi.
Aliuliza, unasafiri na nani?
Nikasema, na dada yangu.
Akaandika dada, akahesabu noti, akagonga muhuri.
Siku ya kulipa alikuwa dada.
Leo, siku ya kulipwa, amekuwa binamu.

Mkobani nina barua ya mwenyekiti wa LC.
Othieno ni mtu mwema; aliiandika bila kuombwa,
usiku wa pili wa matanga, juu ya ndoo iliyopinduliwa:
*baba mmoja, mama mmoja.*
"Nani atakwenda kuuliza makaburi?" alisema.
Milioni kumi na moja na laki nne.
Awor, mwanawe, yuko Mbale, anasomea uuguzi,
na karo ya muhula huu haina mwenyewe.

Lakini nikiitoa barua hiyo
lazima kwanza nimtoe mama yake duniani.
Nimfute Nyafwono, ambaye mwaka mama yangu alipolazwa
aliniweka upande wa kulia, Nyaketcho kushoto,
akatunyonyesha wote wawili huku akipepeta mtama.

"Titi moja," namwambia Ssemwanga. "Andika titi moja."
Anaitazama fomu, mbele na nyuma,
anatafuta kwa moyo kabisa.
"Mama, hakuna pa kuliandika hilo."
Kisha, polepole: "Hata mimi nina dada wa namna hiyo. Yuko Masaka."
Wote wawili tunayatazama maji kwenye glasi.

"Tumalizie ukurasa wa mwisho," anasema,
"pengine wakubwa wataangalia."
Sehemu F, mali: kitu, thamani, stakabadhi.

Nafikiri. Ipo moja.
Nguo ya kuogelea, ya buluu, ya mitumba, soko la Tororo.
Nyaketcho aliijaribu bafuni kwangu
akiwa amekaa ndani ya beseni, magoti yamegusa kidevu,
akanipigia kelele nimletee kioo.
Hakuwahi kujua kuogelea. Mimi pia sijui.
Bado imo kwenye sanduku la kuazima,
na mwenye sanduku ameshaliulizia mara mbili.

Kitu: nguo moja ya kuogelea.
Thamani: shilingi elfu nane.
Stakabadhi: hakuna.

Barua ya Othieno iko mkobani. Mkoba uko magotini.
Ssemwanga ananyoosha mkono aipokee fomu,
nami bado nimeshika kalamu yake.