Sungura kwenye Gunia

Kwenye hadithi za nyanya, Sungura alikuwa mmoja,
hana mbegu, hana kilo, ana ujanja tu.
Hakuna aliyenionya
kwamba nikifika Maseno kwa Bi. Muhonja
na gunia langu la mkonge
nitaulizwa: yupi?

Vibanda kumi na vinne, ghorofa mbili,
mkojo unakingwa kwenye madebe
(huo nao una wanunuzi, wenye sukuma wiki),
na macho. Macho mengi yasiyopepesa,
kama wakulima wa chai alfajiri
wakinitazama nisogeze jiwe la mizani.

Maana miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa kupima majani
kule Mudete. Nikaanza na ninachokijua:
"Yule ni kilo ngapi?"

"Nyuzilandi. Mweupe, macho mekundu, anafika tano.
Hukua upesi, wenye hoteli Kisumu humtaka yeye.
Huyu aliyechovya pua kwenye wino ni Kalifonia,
mama mzuri, hatupi watoto.
Chinchila, wa kijivu, mpole, baridi haimsumbui.
Na yule..."
akainua turubai.

Yule hakuwa sungura. Alikuwa ndama aliyekosea mlango.
"Flemishi. Saba, wengine nane.
Hula kama mgeni asiyeaga."

Nikamtaka huyo. Bila shaka nikamtaka huyo.
Mtu aliyepima mali ya wenzake miaka yote
akiona uzito unaoweza kuwa wake
mkono hutoka mfukoni wenyewe.

Bi. Muhonja hakupokea.
"Banda lako lina upana gani?"
Nikamwonyesha kwa mikono.
Nikaona aibu, nikaitanua kidogo.
Akaitazama mikono, hakunitazama mimi.
"Sakafu?" Waya. "Waya wa kuku?" Wa kuku.
"Huyu mzito. Waya huo utamla nyayo kabla ya Krismasi."

Kisha akauliza lile lililonishinda:
"Wa kula, wa kuuza, au wa kukaa naye?"

Kadenyi, mke wangu, alisema nyama.
Alisema hivyo tu, akafunga mlango.
Mimi nilipiga hesabu ya kuuza nyuma ya kadi ya kliniki,
wawili wazae wanane, wanane wazae,
hesabu iliyonyooka
kama zinavyonyooka zote kwenye karatasi.
Na Chahilu, wa miaka saba, ameshatafuta jina.
Nani amewahi kula jina?

"Vyote vitatu," nikasema.
Akacheka hadi Nyuzilandi wakagonga sakafu kwa miguu.
"Sungura mmoja hawi sungura watatu, baba.
Nenda mkaongee. Hawa hawahami."

Nimesikia watu wakiuziwa mbuzi kwenye gunia.
Mimi nilirudi Luanda na gunia lisilo na hata mbuzi,
nimelikunja mara nne kwapani
lisionekane tupu.

Chahilu alikuwa kando ya banda.
Majani ya viazi vitamu ameyaanika kama alivyoagizwa,
yamenyauka vizuri, hayana umande.

"Yuko wapi?"
"Bado hatujajua ni nani."
"Ni Simiti," akasema taratibu,
kama mtu anayemrudishia kiziwi salamu.
"Kwa nini Simiti?"
"Kwa sababu ni wa kijivu."

Nikanyamaza.
Kilo tatu na nusu, nikawaza, labda nne.
Nikachukua koleo, nikaanza kung'oa waya wa kuku,
misumari nikiinyoosha juu ya jiwe, mmoja mmoja,
maana msumari siku hizi nao una bei yake.

Banda nililiunda kwa mlango wa kabati letu la harusi.
Mlango wa pili, wenye kioo, Kadenyi alikuwa ameuficha.
Giza lilipoanza kuingia akatoka nao,
ameukumbatia, kioo kinatazama mbele,
nikajiona nimepiga magoti na msumari mdomoni.

"Ongeza upande huu," akasema. "Hata kijivu hunyoosha miguu."

Nyama hakuitaja.
Wala hakuikana.