Mvua ya Kalehe

Simu thelathini na moja juu ya ubao wa Nsimire,
kila moja na kibandiko chake: Papa Cirhuza, Mwalimu, Yule wa Makaa.
Jenereta inakohoa. Kadutu inapanda na kushuka ngazi zake za matope.

Redio ya saa sita imekasirika.
Rais wa nchi ya mbali amegundua simu yake ina sikio la pili;
balozi ameitwa, akapewa kiti, hakupewa chai.
Waziri mmoja ametamka "urafiki" mara nne.
Bunge limesimama,
halafu, nadhani, limekaa.

Nsimire anapangusa chaja kwa ncha ya kitenge.
"Kumbe na wao," anasema.
Basi.

Sisi tulijifunza mapema.
Tangu usiku ule walipomchukua kaka yake,
wakimsomea neno kwa neno
aliyomnong'oneza mkewe tu,
askari tukawaita mvua, pesa tukaziita maharage,
na kukimbia tukakuita harusi.
Hakuna balozi aliyeitwa.
Hata shefu wa avenyu hakuitwa.

Saa nane simu ya Mwalimu inalia.
Nsimire anaipokea, Mwalimu yuko darasani.
Sauti ya mama mzima, inatetemeka:
"Mwambie huku Kalehe mvua imeanza.
Harusi ni leo usiku."

Anatazama juu. Jua kali, ziwa jeupe kama sahani.
"Nimesikia, mama," anajibu,
kisha, polepole, kabla hajakata:
"Na wewe unayepumua hapo kati,
nani amekualika?"