Mahari

Tangazo lilibandikwa mlangoni Jumanne
kwa gundi iliyoshindwa na baridi.
Saa nne lilikuwa chini, kwenye theluji,
Mzee Wuorinen akaliokota, akalikung'uta,
akaniletea kaunta kama barua iliyopotea njia:
*Pembina na Hallman sasa ni kitu kimoja.
Wateja wapendwa, hamtaona tofauti yoyote.*

Ndoa. Neno hilo ndilo alilolitumia
msichana aliyetumwa kutoka Toronto,
kompyuta mapajani, viatu vyembamba visivyoijua Thunder Bay.
Nikanyamaza. Ndoa nimeziona:
lazima mtu alie, lazima pete isahaulike mahali,
na shangazi mmoja ahesabu sahani usiku kucha.
Hii posa ililetwa na mawakili,
na mahari tukawa sisi:
maduka kumi na tisa, malori ya barafu,
na Aune Lehtola, miaka thelathini na mmoja
kaunta namba mbili.

Walianza na aproni.
Kijani ikawa zambarau, nikafanana na biringanya.
Kisha mkate wa Saimi, anaouoka mtaa wa nyuma,
ukaambiwa hauna namba, mashine haiutambui.
Miaka yote ile ulijulikana kwa harufu,
nani alihitaji namba?

Hallman ilikuwa ng'ambo ya barabara, dirisha kwa dirisha.
Tulikuwa tukichunguliana bei za siagi:
wao wakishusha senti tano, sisi saba,
na akina mama wakivuka huku na huko
wakitucheka wote wawili, mabuti yakilia kwenye barafu.
Siku hizi Hallman ni vioo vilivyozibwa mbao.
Herufi zimeng'olewa, ila ukuta umebaki mweupe
pale zilipokuwa, unasomeka vizuri kuliko zamani.
Na siagi imepanda ngazi
bila kutazama nyuma.

Ningeyavumilia hayo. Lakini kahawa.

Kahawa ya Ostervik, kopo la njano, kulungu ubavuni.
Kulungu yule alikuwa na pembe iliyovunjika,
kosa la mchoraji, hakuna aliyelisahihisha,
na watoto wa mji huu walijifunza kunyoosha kidole kwa kuionyesha.
Wamempa pembe mpya. Sasa ni kulungu wa popote.
Gramu mia tano zimekuwa mia nne na ishirini,
kimo cha kopo kilekile,
ila kitako wamekibonyeza kwa ndani
kama shavu la mtu asiye na meno.

Ijumaa Mzee Wuorinen alikuja na kopo lake la kale,
limeoshwa, kutu kidogo kwenye ukingo.
Akalipa jipya, akauliza, sauti chini,
kama ningeweza kuimimina humu.
"Helvi," akasema. Akanyamaza, akaanza upya:
"Majina ya watoto yamemtoka. Langu huja na kuondoka.
Ila kulungu bado anamjua.
Huyu mzima amemtia hofu. Amelisukuma kopo."

Nikamimina. Punje zikasikika ndani ya bati kuukuu,
foleni nyuma yake ikasimama, hakuna aliyekohoa.

Wiki iliyofuata nikamuuliza: amekunywa?
"Amekunywa. Akashika kikombe muda mrefu,
akaniangalia, akauliza:
wamebadilisha maji?"
"Ukamjibuje?"
"Nikamwambia ndiyo. Wamebadilisha maji."

Sera mpya, ukurasa wa sita, inakataza
mhudumu kufungua bidhaa kaunta.
Nimeisoma. Nimeitia sahihi.
Kamera iko juu ya mlango, inatazama mitungi ya asali,
na mgongo wangu, kwa bahati, ni mpana.
Kila Ijumaa ananipa kopo chini ya mizani,
nami nageuka.