Nundu

Mezani, juu ya magazeti ya mwezi uliopita,
jozi mbili za kemshafti zimelala
kama wagonjwa wa wodi moja wasiosemezana.

Ya kwanza imetoka humo humo injinini:
Alfa ya mwaka sitini na nane, nyekundu iliyogeuka tofali,
ambayo Bi Namsifu, karani wa mishahara,
aliinunua kwa meneja wa mkonge aliyeondoka na sanduku moja.
Kisha ikakaa bandani, njia ya Muheza,
kuku wakatagia kiti cha abiria.
Nimeipima. Nundu ya tatu imelika,
si sana, unene wa ukucha wa kichanga.
Lakini injini haijui neno "si sana".

Ya pili imekuja kwa basi kutoka Dar,
imezungushiwa kanga kuukuu na mpwa wake, Hoza.
"Za mashindano hizo, fundi. Zitamwamsha simba."
Nikazishika. Nundu ndefu, mabega mapana,
baridi yake ikanipanda hadi kwenye kiwiko.

Pazi, kijana wangu wa spana, akauliza tofauti.
Nikamwambia: fikiria nyumba ya hapa Ngamiani.
Mlango wa barazani unaingiza, wa uani unatoa.
Kemshafti ndiye mwenye nyumba,
yeye ndiye asemaye mlango upi, lini, upana gani.
Mwenye nyumba wa zamani hukaribia kuufunga mmoja
ndipo aufungue wa pili. Mgeni hukaa, hula, huaga.
Huyu wa mashindano huiacha yote wazi kwa pamoja.
Siku ya harusi, watu mia wakija mbio, raha tupu:
upepo unapita, sinia zinapita, hakuna anayekwama.
Lakini Jumanne asubuhi, mgeni mmoja, polepole,
ataingia mbele, atatokea nyuma,
na chai bado iko jikoni.

Pazi akachungulia Barabara ya Kumi na Mbili,
baiskeli, mkokoteni wa madafu, mbuzi asiye na haraka.
"Fundi, hapa kila siku ni Jumanne."

Ni kweli. Lakini usiku ule sikufunga gereji mapema.
Nilizilaza zile ndefu kwenye vitako vyake,
nikazizungusha kwa mkono, mafuta meusi kama wanja,
nikasikia kona za Amani zikiniita moja moja,
mizunguko elfu sita, elfu saba,
mimi, ambaye sijawahi kumiliki hata pikipiki.

Asubuhi Bi Namsifu akaja na mwavuli.
Hakuuliza nguvu, hakuuliza mafuta.
Aligusa jozi hii, akagusa ile, akajifuta kidole.
"Ipi itaniacha nimsikie aliyekaa kando yangu?"

Basi nikaipeleka ya zamani kwa Shekalaghe,
mkereza vyuma aliyefundwa karakana ya reli.
Akaijaza nundu ya tatu kwa moto, akaikereza siku mbili,
akanirudishia bila neno, na bili yenye maneno mengi.
Nikapanga visahani chini ya valvu, kimoja kimoja,
nikivibadili usiku kucha kama mtu asiyepata mto wa kulalia.

Iliwaka mara ya tatu.
Pazi akaweka glasi ya chai juu ya kifuniko cha injini.
Chai ilitetema, haikumwagika.

"Panda," akaniambia Bi Namsifu.
Nikakaa palipotagiwa mayai.
Chumbageni hakusema kitu. Kwenye reli hakusema kitu.
Nilikuwa nimemchagulia ukimya kwa milimita,
naye akauendesha wote, peke yake, hadi Pongwe.

Hapo akapunguza gia.
"Zile nyingine zingepiga kelele sana?"
"Sana, mama."
"Hm," akasema,
akakanyaga mafuta.